Mimba Yangu Mdomoni mwa Wifi

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua imeanza. Mume wangu ameondoka na lori lake asubuhi, atarudi Alhamisi akijaliwa. Nimebaki na cherehani, rundo la suruali za dobi wa mtaa wa pili zinazotaka kupunguzwa miguu, na huyu aliyemo tumboni, ambaye ameanza kugonga kwa adabu kama mtu apigaye hodi.

Mama kaniambia kwenye simu, "Andika, mwanangu. Mtu akikosa wa kuzungumza naye ugenini, huishia kujisema vibaya." Basi naandika. Lugha ya hapa niliyo nayo inatosha kununua uzi na kusema asante.

Kliniki ni Alhamisi ya wiki ijayo. Wifi atanipeleka. Ni dada mkubwa wa mume wangu, msusi, na amekaa nchi hii mpaka lugha yao anaiota. Mume wangu anasema nina bahati kuwa naye. Ameshalisema hilo mara nyingi mno.

Jumanne, 7 Oktoba

Suruali, suruali. Mvua.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hospitali ya hapa ni madirisha. Dirisha la kwanza wanakupa namba. La pili wanataka kadi ya bima. La tatu wanakuuliza tena yale uliyoulizwa la kwanza, labda waone kama ulidanganya. Karani wa dirisha la tatu ana kucha ndefu za zambarau na anahangaika na jina langu. Kwao jina la mwisho ndilo la kuitwa, na langu la mwisho ni la babu mzaa baba, Mungu amrehemu. Kwa hiyo anaitwa babu, anainuka mwanamke mwenye tumbo.

Wifi na karani walizungumza, wakacheka.

"Mnacheka nini?" nikauliza.

"Aa, mambo yao tu, wifi."

Karani akataka namba ya simu ya kupigiwa pakiwa na jambo. Mimi nafungua mkoba nitoe yangu, Wifi kashataja yake. Nikamtazama. "Wakikupigia wewe utawajibu nini?" akasema. "Asante?" Alisema kwa wema. Ndivyo sindano zake zilivyo, zimepakwa asali.

Kwenye chumba cha picha nililazwa chali, tumbo limepakwa ute wa baridi. Daktari alisema na Wifi. Mimi nilikuwa kama mzigo ambao wenyewe wanaujadili. Akasema na kusema, Wifi akaitikia, akafunika mdomo, akafuta machozi. Mwanangu alikuwa pale kwenye kioo, na mimi nilikuwa nawatazama wao usoni, nijue kama nifurahi au nilie.

"Anasema nini?"

"Anasema ni wa kiume."

"Maneno yote yale?"

"Mengine ya kidaktari, wifi. Yatakuchosha."

Sijamaliza kuvaa viatu, yeye yuko ukumbini anampigia mume wangu. Niliisikia furaha ya mume wangu ikitoka sikioni kwa mwanamke mwingine. Mimi nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia tangu jana, nikayapanga na kuyapangua.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mume wangu kapiga simu. Nikamwambia, "Ni wa kiume."

Akasema, "Najua, dada kaniambia."

Jumapili, 2 Novemba

Wifi alikuja na sweta la mtoto, la manjano, kalinunua. Mume wangu akaliinua juu ya taa kama aliyeokota dhahabu. Kwenye kabati kuna nguo za mtoto nilizozishona kwa mikono yangu, mshono juu ya mshono, na siku nilipomwonyesha alisema "nzuri" huku anatafuta chaja.

Walipotoka kwenda kununua mkate nililikagua lile sweta. Mshono wa kwapani umelegea. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Jumatano, 12 Novemba

Miguu imevimba. Viatu vya mume wangu vinanienea.

Alhamisi, 4 Desemba

Leo kidogo nilikuwa mtu. Mkunga ni mfupi, mpana, mikono yake ina joto. Alitoa futi mfukoni, futi ya kitambaa kama ninayoning'iniza shingoni mwangu kila siku, akanipima tumbo kutoka juu hadi chini. Wifi akaanza, "Sasa anakupima ili—"

"Futi naijua, wifi."

Mkunga alinionyesha alama kwa kidole chake, akatabasamu, nami nikatabasamu, na kwa muda wa kupima nguo tulikuwa wawili tu chumbani.

Halafu tukarudi madirishani. Karatasi ya kliniki ijayo ilitaka muhuri wa bima, wa bima akataka barua ya daktari, na dirisha la barua lilikuwa limefungwa kwa chakula cha mchana. Wifi aliweka viwiko dirishani, akasema, akacheka, akakunja uso, akacheka tena, na dirisha likafunguka. Ningekuwa peke yangu ningekuwa bado pale, nimeota mizizi. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa hafai, ningemchukia kwa raha zangu.

Jumatatu, 22 Desemba

Mkunga alinipima. Nikatazama futi. Ilikuwa alama ileile ya mara iliyopita.

Akapima tena. Hakutabasamu. Akafunga ule mkanda wa presha mkononi mwangu, akausubiri, akaufunga upya. Kisha akamgeukia Wifi, akasema naye kwa sauti ya chini. Niliuona uso wa Wifi ukianguka, halafu nikamwona akiuokota na kuuvaa tena.

"Anasema nini?"

"Anasema mtoto hajambo. Upunguze chumvi, upumzike, urudi mwaka mpya ukianza."

"Mbona kapima mara mbili?"

"Utaratibu wao."

Nimepima watu tangu nikiwa msichana. Anayerudia kupima ni yule ambaye kipimo cha kwanza hakikumpendeza.

Tulipotoka akasema amesahau mtandio ndani. Mtandio ulikuwa shingoni mwake. Nilimwona kupitia kioo cha mlango, simu sikioni, kanipa mgongo.

Jumanne, 23 Desemba

Mume wangu amerudi. Nilimwekea chai, nikakaa mbele yake.

"Dada yako kakwambia nini jana?"

"Kasema uko sawa."

"Na kabla hamjakubaliana kwamba niko sawa, alisema nini?"

Alikoroga chai mpaka nikadhani kikombe kitatoboka. "Mtoto ni mdogo kidogo. Na presha yako imepanda kidogo. Tukasema tusikutie hofu."

"Tukasema ni nani? Mimi na wewe hatujasema kitu."

"Mimi na dada."

"Mimba yangu, vikao vyenu."

"Usilichukulie hivyo. Dada anahangaika na wewe kuliko—" Akakatiza. Sikumuuliza kuliko nani. Nikamwambia kuanzia sasa kliniki nakwenda peke yangu, na Wifi abaki na vichwa vyake vya saluni.

"Peke yako utaelewa nini?" akasema.

Hakusema kwa ubaya. Lakini neno hilo limenikaa kama mwiba wa samaki, halipandi wala halishuki.

Jumatano, 31 Desemba

Kichwa kinauma. Ni hii taa mbovu na suruali nyeusi. Wifi kapiga simu, sikupokea.

Jumamosi, 3 Januari

Kichwa tena. Mbele ya macho kuna nukta nyeupe, kama vumbi la chaki ya fundi. Wifi kapiga mara mbili. Mume wangu yuko safari, na nina hakika kazungumza naye. Sijui wanasema nini wakiwa wawili. Najua tu mimi ndiye habari yenyewe.

Ijumaa, 9 Januari

Naandika nimelala, mkono mmoja una mrija. Nitaandika polepole, na nitaandika yote.

Jumatatu nilikwenda kliniki peke yangu. Nilivaa gauni langu la heshima. Nilikuwa nimejifunza sentensi kumi na nilizikariri njia nzima, nikipishana na miavuli. Dirisha la kwanza nilipata namba, nikajiona mshindi. Dirisha la pili walitaka karatasi ambayo sikuijua. Nikampa yule mtu kila karatasi iliyokuwa mkobani, hadi risiti ya uzi. Akachukua moja, akanielekeza ghorofa ya pili. Ghorofa ya pili wakanirudisha chini. Kichwa kilikuwa kinapiga kama nyundo. Nilikaa kwenye kiti, wakamwita babu, nikachelewa kusikia, wakamwita mwingine.

Hatimaye nilimfikia mkunga. Alipima presha, akaita mwenzake, akaja, akapima. Wakanitoa damu, wakachukua mkojo. Mkunga alinishika mabega yote mawili, akasema neno, akalirudia, akaonyesha kiti cha nje. Nikasema, "Ndiyo." Akauliza tena. Nikasema, "Ndiyo, asante." Nilisema kwa sauti nzuri kabisa. Kisha nikachukua mkoba wangu, nikaenda nyumbani.

Alikuwa ananiambia nisiondoke.

Nimefika, nimekaa kwenye cherehani, hata gauni sijavua. Mlango ukagongwa.

"Wifi, ni mimi. Fungua."

Nikatoa mguu kwenye pedeli, nikakaa kimya kama maji ya mtungini. Nilijua kaja kunicheka. Au kaja kunisamehe, na hilo ni baya zaidi.

"Wifi, najua umo ndani. Nimeisikia cherehani."

Nikashika gurudumu la cherehani lisizunguke.

"Hospitali wamenipigia. Wanakutafuta."

Hapo ndipo wivu uliponipanda kichwani kabisa. Nimekwenda kwa miguu yangu, damu nimetoa mimi, na bado wanampigia yeye. Nikasema kupitia mlango, "Waambie wakupime wewe basi, si wewe ndiye mwenye mimba?"

Nilidhani ameondoka. Kisha nikasikia kitu kikiteleza kwenye mlango, ni yeye anakaa chini, sakafuni, na koti lake lililolowa.

"Sawa," akasema. "Usifungue. Sikiliza tu. Nitakwambia kama walivyoniambia, sipunguzi neno. Mkojo wako una protini nyingi. Damu imeonyesha ini limeanza kusumbuliwa. Presha yako iko pale ambapo mtu anaweza kuanguka kifafa wakati wowote, na akianguka anaweza asiamke. Mtoto ameacha kukua kwa sababu chakula hakimfikii vizuri. Desemba waliniambia umeanza kubadilika na kwamba ukiumwa kichwa au ukiona vitu machoni uende mbio. Mimi nikakwambia upunguze chumvi. Wanataka wamtoe mtoto leo. Na wamesema usipofika watatuma gari la wagonjwa. Nimemaliza."

Nilikuwa nimeshika meza. Zile nukta nyeupe zilikuwa mbele yangu, zinacheza.

Hakuna aliyewahi kunieleza tumbo langu kwa urefu ule. Miezi yote nilikuwa nataka maneno kamili, na yalipokuja yalikuwa haya.

Nikafungua. Alikuwa bado chini, nywele za mteja zimemgandia kwenye aproni. Nikasema, "Naona nukta." Akainuka haraka kuliko nilivyodhani mwili ule unaweza, akanifunga kanga kichwani kwa ajili ya mvua, na gari la wagonjwa lilikuwa limeshafika mtaani.

Hospitali hatukupita dirisha hata moja. Daktari mwanamke aliweka simu kitandani, karibu na sikio langu, na ndani ya simu mwanamume akasema kwa Kiswahili, kwa lafudhi ya mbali na kwetu, "Hujambo, mama. Mimi ni mkalimani. Daktari atasema na wewe." Na wewe. Nililia, daktari akadhani ni maumivu.

Wifi alisimama mlangoni. Daktari aliuliza kama nataka abaki. Nilipoulizwa mimi, na si yeye, nilikaa kidogo nikiionja ile nafasi. Nikasema abaki.

Nakumbuka taa za chumba cha upasuaji, mkono wa Wifi, na kilio chembamba kama cha paka. Hawakunionyesha. Walipita naye mbio.

Presha haikushuka. Wamenifunga kwenye mrija wa dawa inayounguza mwili kama nimemezeshwa makaa, na siruhusiwi kuinuka. Siku ya pili muuguzi alikuja, akauliza jambo. Nilisikia neno lao la mtoto, nikasikia neno lao la dada. Nilikuwa nimechoka. Nikaitikia kwa kichwa.

Jana mume wangu alifika, lori kaliacha njiani kwa mwenzake. Alitokea juu, kwa mtoto, macho mekundu. "Anaendelea vizuri. Mdogo, lakini anapumua mwenyewe. Dada amembeba kifuani."

"Amembeba nani?"

"Watoto wadogo hivi hubebwa ngozi kwa ngozi, joto la mtu liwafae. Mimi sikuwepo, wewe huwezi kuinuka. Wakasema uliruhusu."

Niliruhusu. Kwa kichwa.

Niligeukia ukuta. Mwanangu ana siku kadhaa duniani, na kifua anachokijua si changu.

Jumapili, 11 Januari

Leo wamenipeleka juu kwa kiti cha magurudumu. Ni mwekundu, ana nywele, masikio yamelala kama karatasi. Wamenilaza naye kifuani. Alilia. Muuguzi akasema, kupitia simu ya mkalimani, ni kawaida. Upande wa pili wa kioo Wifi alikuwa amesimama na koti mkononi, na nilijua, sihitaji mkalimani, kwamba kwake halii.

Jumatano, 14 Januari

Maziwa yametoka. Machache, lakini ni yangu, na hakuna wa kunitolea.

Wifi alikuja mchana, kabla ya zamu yake saluni. Alikaa pembeni ya kitanda, akaanza kuzikunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa.

"Wifi, siku ile ya kwanza, yule karani wa kucha aliuliza kama unataka mkalimani. Ni bure. Nilimwambia hatumhitaji, nipo mimi."

Nilimwacha aseme.

"Ndicho tulichokuwa tunacheka. Alisema una bahati."

"Kwa nini ulikataa?"

Akaweka nguo chini. "Mdogo wangu nilimlea. Nilimleta huku mimi, nikamtafutia kazi mimi. Kila Jumapili alikuwa anakuja kwangu kula. Ulipokuja, akaacha. Hakugombana na mimi, aliacha tu, kama mtu anayeacha sukari. Nikaona hospitali angalau mtanihitaji. Na mkinihitaji, atanipigia simu."

"Kwa hiyo ulikuwa na wivu."

"Kwani ulidhani ni wako peke yako?"

Nilitaka kucheka, mshono ukaniuma. Nikamwambia, "Ungeniua, wifi."

"Najua," akasema. Hakulia, na nilimshukuru kwa hilo. "Na wewe ulinifungia mlango."

Sikumwambia yameisha. Sijui kama yameisha. Alipoondoka nilizikunjua zile nguo, nikazikunja upya kwa mkunjo wangu.

Jumanne, 20 Januari

Nimeruhusiwa, mtoto amebaki. Nakwenda kila asubuhi. Baridi.

Jumatatu, 26 Januari

Mume wangu aliniambia jioni, "Nilikosa." Nikamuuliza, "Wapi?" Akafikiri. "Niliposema 'tukasema'." Ni mwanzo.

Ijumaa, 6 Februari

Tumekuja naye nyumbani.

Jumapili, 8 Februari

Mvua imekatika, madirisha ya jirani yamejaa nguo zilizoanikwa. Wifi amekuja kula. Nilimwalika mimi, kwa simu yangu.

Mtoto alianza kulia kabla hatujakaa mezani. Mume wangu akamtembeza, bure. Nikamnyonyesha, akaachia ziwa, akalia. Nikamwimbia, akalia zaidi. Wifi alikuwa anatazama sahani yake kwa bidii, anajizuia, mikono ameibana chini ya mapaja. Nilivumilia mpaka nikashindwa, nikamwambia, "Mchukue."

Akamchukua. Alimlaza kwenye kifua chake kikubwa, akamfunika mgongo kwa kiganja. Mtoto akavuta pumzi mbili za kwikwi, akanyamaza. Akafumba macho.

Nitaandika ukweli, kwa kuwa ndiyo sababu mama aliniambia niandike. Iliniunguza. Ilinipanda kutoka miguuni. Nilimtazama mwanangu ametulia pale kama mtu aliyefika kwake, na nikaitazama sura ya Wifi, ambayo ilikuwa na hofu. Hakuwa anashangilia. Alikuwa ananiogopa.

Mume wangu aliacha kutafuna.

"Wifi," nikasema, "nipe mwanangu."

Akanipa mara moja, akainuka, akachukua koti lake kwenye kiti.

"Unakwenda wapi?"

"Nikuache naye."

"Kaa ule. Akinishinda nitakwambia."

Alikaa. Mtoto alizinduka, akanusa, akaona si pale alipokuwa, akaanza tena, safari hii kwa nguvu zote. Mume wangu alinyoosha mkono, nikamtikisia kichwa. Nilifungua vifungo vya gauni, nikamweka kifuani ngozi kwa ngozi, nikaegemea kiti. Hao wawili wakala kimya, vijiko vikigonga sahani taratibu. Chakula changu kikapoa. Nilimwacha alie hapohapo kwangu, hadi akanizoea.